Mas-ala ya Kutinda Nyusi, na Heshima ya Mtu Aswaliae

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake kwa sura alizozitaka, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, iko mas-ala ambayo zamani ilikuwa ikizungumzwa kwa sauti ya chini, na leo yazungumzwa vibarazani kwa kicheko. Na kicheko hakijapata kuwa dalili katika sharia. Basi yafaa mas-ala hii ipangwe kama mafakihi wanavyozipanga mas-ala zao, pasina kutaja jina la mtu, kisha itazamwe vitabu vyasema nini.

Sura ya mas-ala ni hii. Mtu amezaliwa Songea, kule bara katika mkoa wa Ruvuma, katika nyumba ya Waislamu ambao wazee wao waliipata dini kwa njia ya misafara iliyokuwa ikitoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa. Amezaliwa kwa maumbile ya kiume, akapewa jina la kiume, akatahiriwa, akatiwa chuoni akasoma. Walakini tangu utoto wake yuajiona nafsini mwake kuwa ni mwanamke, na jambo hilo halikumtoka kwa fimbo ya baba wala kwa kombe la mganga. Alipofika umri wa kujitegemea akashika njia ya kuishi kike. Hakuanza kwa kanga wala kwa buibui, wala hakwenda kwa tabibu. Alianza kwa nyusi. Siku ya Ijumaa akaja msikitini na nyusi zilizotindwa, nyembamba, zilizopindwa kama mwezi mwandamo. Na kabla ya imamu kupanda mimbari khabari ilikuwa imekwisha fika Majengo na Mfaranyaki.

Huenda asiyejua akauliza: kwa nini nyusi? Jawabu yake si ngumu. Unyusi wa mwanamume kwa dasturi ni mnene na ulionyoka, nao umekaa chini, juu ya mfupa wa jicho; wa mwanamke huwa juu kidogo, tena una pindo. Ukiondolewa unywele wa chini kwa wembe au kwa uzi, uso mzima huonekana mwingine, na amtazamae huona kuwa kuna kitu kimebadilika asiweze kukitaja. Ni kazi ya robo saa, na gharama yake ni ndogo. Tena hurejea: mtu akimkhofu mamaake, huziacha, na baada ya wiki kadhaa au miezi kadhaa zimeota kama zilivyokuwa. Kwa hivyo kwa mtu ashikae njia hii, hapa na katika miji ya Ulaya, nyusi huwa ni katika mambo ya awali kabisa. Ni kama kubisha hodi ili ajue nyumba itamwitikia vipi.

Na nyumba humwitikia kwa Hadithi. Mmoja katika watu wa barazani hutaja laana iliyopokewa juu ya mwenye kutinda nyusi. Wa pili husema afukuzwe mjini. Wa tatu hutoa simu yake mfukoni, nae amekwisha mpiga picha mwenzake akiwa katika safu ya sala. Basi na tuanze na hiyo Hadithi, kwani ni sahihi wala haina shaka.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Masuud, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ya kwamba wamelaaniwa wanawake wachanjao chale za rangi na wachanjwao, na wanyonyoao nywele za uso na wanyonyolewao, na watiao mianya katika meno kwa kutaka uzuri, wenye kuyageuza maumbile ya Mungu. Khabari hii ikamfikia mwanamke mmoja wa Banu Asad aitwae Ummu Yaakub, nae alikuwa msomaji wa Kurani. Akamwendea Ibn Masuud akamwambia kuwa yeye ameusoma msahafu wote, baina ya jalada mbili, wala hakuliona neno hilo. Ibn Masuud akamjibu kuwa lau angalisoma kwa kuzingatia angaliliona, akamkumbusha aya ya Suratul Hashri iamrishayo kuyapokea aliyokuja nayo Mtume na kuyaacha aliyoyakataza. Hapo bibi yule akasema neno zito: kuwa yeye adhani mke wa Ibn Masuud mwenyewe huyafanya hayo. Ibn Masuud hakukasirika. Alimwambia aingie ndani akatazame. Akaingia, akatazama, asione kitu. Na Ibn Masuud akasema kuwa lau ingalikuwa hivyo, asingalikaa na mke huyo.

Enyi ndugu, kisa hiki husomwa sana nusu yake ya kwanza, na nusu yake ya pili huachwa. Yule sahaba aliyeipokea laana aliufungua mlango wa nyumba yake ukaguliwe kabla ya nyumba ya mtu mwingine. Sasa na aulizwe yule wa barazani: je, ya kwako yakaguliwe? Harusi ya binti yako ilipofanywa, hakuwekwa mbele ya somo, akasingwa, akatiwa hina na piko, akatindwa nyusi, nawe ndiwe uliyetoa fedha? Mkeo akirudi kutoka saluni kwa ajili ya Idi, wamwambia kuwa amelaaniwa, au wamwambia kuwa amependeza? Hadithi ya Ibn Masuud kwa tamko lake imewataja wanawake. Basi ni ajabu kubwa kuwa watu wa pwani na wa bara wameikumbuka Hadithi hii juu ya mtu mmoja wa Songea, na waliisahau miaka yote juu ya maarusi wa mtaa mzima.

Wala isidhaniwe kuwa maneno haya yataka kuihalalisha haramu kwa kuwa watu wengi huifanya. La. Hukumu ni hukumu. Lakini hukumu yenyewe wanavyuoni wameipambanua, nae asiyeyajua mapambanuo yao asiishike kama rungu. Imamu Tabari, aliyefariki mwaka 310 wa Hijra (923), alikaza, akasema haifai mwanamke kuondoa kitu katika maumbile yake kwa kutaka uzuri, hatta aliyeota ndevu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), nae ndie nguzo ya madhehebu ya Shafii, hakukubali: alisema kuondoa nywele za uso ni haramu, illa mwanamke akiota ndevu au sharubu, kwani huyo si haramu kwake kuziondoa, bali ni vizuri, na akabainisha kuwa katazo lenyewe ni la nyusi na za pembezoni mwa uso. Mafakihi wa Kishafii waliokuja nyuma yake, wako waliosema kuwa mwenye mume akiruhusiwa na mumewe yafaa, kwa kuwa mume ana haki katika pambo lake. Na Mahanbali wametenga baina ya kunyonyoa na kunyoa: la kwanza wamelikataza, la pili wamelipa nafasi, kwani Hadithi imetaja kunyonyoa. Haya yote ni khitilafu za watu wakubwa, na kila mmoja ana dalili yake.

Ama mwanamume kutinda nyusi kwa kusudi la kufanana na wanawake, hapa pana Hadithi nyingine, ya Ibn Abbas, iliyopokewa na Bukhari: kuwa Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaume wajifananishao na wanawake, na wanawake wajifananishao na wanaume. Kwa madhehebu ya Shafii hukumu ya kujifananisha kwa makusudi ni haramu, wala halifichwi jambo hilo hapa. Mtu wa Songea akija kuuliza, ataambiwa hivyo kwa upole na kwa uso mkunjufu. Walakini hapo hapo ndipo Nawawi aliposimama, akasema neno ambalo wengi hawalijui, na wanaolijua hulinyamazia.

Katika kuisherehesha Sahihi ya Muslim, Nawawi amesema kuwa mukhannath, yaani mwanamume mwenye tabia za kike katika mwendo na sauti na viungo, ni wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyeumbwa hivyo, hakujilazimisha tabia za wanawake wala pambo lao wala maneno yao. Basi huyo hana lawama, wala aibu, wala dhambi, wala adhabu, kwani ni mwenye udhuru, hana alilolitenda. Wa pili ni yule ambae hakuumbwa hivyo bali huigiza. Na huyo ndie aliyeshutumiwa katika Hadithi sahihi. Kisha akaja Ibn Hajar wa Askalani, aliyefariki mwaka 852 (1449), nae pia ni Mshafii, akaliwekea neno hili mpaka: kuwa aliyeumbwa na tabia hiyo huamrishwa ajitahidi kuiacha kidogo kidogo, na akiendelea kwa kuridhika nayo hulaumiwa, ama ikiwa amejitahidi akashindwa kuacha mwendo wake na sauti yake, basi huyo ndie aliyekusudiwa na Nawawi katika kuondolewa lawama.

Litazameni neno hilo "kidogo kidogo". Ibn Hajar hakusema apigwe, wala hakusema aaibishwe ili ageuke haraka. Amelitia jambo hili katika jumla ya mambo yatakayo muda na juhudi ya mtu mwenyewe. Tena amekiri kuwa wako wajitahidio wasiweze. Na nani ajuae, katika wakaao vibarazani, huyu wa Songea amejitahidi kwa miaka mingapi? Machozi yake ameyaona nani? Nyusi huonekana, juhudi haionekani. Sawa, kutinda ni kitendo cha mkono, nacho chaingia katika kujipamba, wala si katika maumbile, na mwanachuoni ana haki ya kusema hivyo. Lakini kitendo hicho kimetoka katika hali ambayo maimamu wawili hawa waliitazama kwa huruma, wala hawakuitaja kwa mzaha hatta mara moja.

Na matabibu wa zama hizi wamekaribia kusema jambo hilo kwa lugha yao. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kumi na moja ya maradhi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limeitoa hali hii ya mtu kujiona kinyume cha mwili wake katika mlango wa maradhi ya akili. Tabibu aeleza hali. Fakihi aeleza hukumu ya kitendo. Kila mmoja na abaki katika kiti chake.

Hapa inapasa kutenganisha watu wawili ambao wajinga huwachanganya. Yuko khuntha, nae ni aliyezaliwa na viungo vya namna mbili, au bila ya kiungo kilicho bayana. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 watu wa namna hii waliohesabiwa walikuwa 1,524, na sheria ya watoto ya nchi hiyo ya mwaka 2022 imewataja na kuwalinda. Mafakihi walikuwa wamewatangulia kwa miaka mingi mno: hakuna mlango wa fikihi, kuanzia tohara mpaka mirathi, ambao khuntha hakutajwa ndani yake na kupewa haki yake. Safu yake katika sala ni nyuma ya wanaume na watoto, mbele ya wanawake. Na zikikosekana alama zote za mwili, madhehebu ya Shafii humwuliza mwenyewe baada ya kubaleghe: tabia yako yaelekea wapi? Na neno lake hupokewa, wala hana rukhusa kulirudi. Yaani hapo, mwili uliponyamaza, sharia imeisikiliza nafsi. Huu ni mlango mdogo, haukufunguliwa kwa kila mtu, lakini haifai kusema kuwa haupo.

Wa pili ni mtu ambae mwili wake hauna shaka, na shaka iko katika nafsi. Juu ya huyu wanavyuoni wa zama hizi wamesemezana sana. Misri, mwaka 1988, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha al-Azhar, aliyekuwa akijulikana kwa jina la Sayyid, alipasuliwa na matabibu akawa Sally. Chuo kikakataa kumpokea, chama cha madaktari kikaingilia kati, na nchi nzima ikazungumza. Suala likapelekwa kwa mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, nae akajibu mwezi wa Juni mwaka huo: kuwa yafaa kupasua ili kukidhihirisha kilichofichika katika maumbile ya kiume au ya kike, na huenda ikawa ni wajibu ikiwa ndiyo dawa, wala haifai kwa matamanio matupu ya kugeuka. Pande zote mbili zikadai kuwa fatwa ni yao, na hilo halishangazi kwa aijuae hali ya watu na fatwa. Mwaka uliofuata, 1989, Baraza la Fikihi la Makka likaamua kuwa khuntha atibiwe, na mwenye mwili ulio kamili asigeuzwe. Ama Iran, mafakihi wa Kishia wamefuata njia nyingine, na tangu miaka ya 1980 kwa fatwa ya Khomeini wameruhusu matibabu hayo. Mshafii hafungwi na fatwa ya Iran. Lakini na ajue kuwa mas-ala hii wameishughulikia watu wenye elimu kwa vitabu na kwa matabibu, wala si kwa mawe.

Neno la mawe limetajwa kwa sababu.

Katika Sunan ya Abu Daud, kwa mapokezi ya Abu Huraira, imetajwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa mukhannath aliyejitia hina mikononi na miguuni. Akauliza: ana nini huyu? Akaambiwa kuwa ajifananisha na wanawake. Akaamrisha apelekwe Nakii, pahala mbali na Madina (si Bakii penye makaburi, kama watu wanavyokosea). Sahaba wakamwuliza: je, tusimwue? Akajibu kuwa yeye amekatazwa kuwaua watu waswalio. Wajuzi wa Hadithi wametaja udhaifu katika mapokezi ya khabari hii, na yafaa kusema hivyo. Walakini makatazo ya kumwaga damu ya Muislamu hayakusimama juu ya khabari hii peke yake. Na katika kitabu hicho hicho, katika kisa cha mukhannath mwingine aliyetolewa Madina, imekuja kuwa Mtume aliambiwa: huyu atakufa kwa njaa. Basi akampa rukhusa kuingia mjini mara mbili kila wiki, aombe chakula, kisha arejee. Na mtu huyu alikuwa akiingia nyumbani kwa wakeze Mtume bila ya kuzuiliwa. Hakuzuiliwa mpaka aliposikika akimsifia mtu mwili wa mwanamke. Aliyoadhibiwa kwayo ni ulimi wake. Na hatta hapo, tumbo lake halikusahauliwa.

Sasa yalinganishwe hayo na yafanywayo leo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambalo ni mpaka wa mkoa huo wa Ruvuma, katika nchi ya Malawi, Tiwonge Chimbalanga, aliyekuwa akiishi na kujiita mwanamke, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 2009 pamoja na mchumba wake baada ya sherehe ya posa. Mwezi wa Mei 2010 wakahukumiwa miaka 14 ya kifungo na kazi ngumu. Na tarehe 29 ya mwezi huo Rais Bingu wa Mutharika akawasamehe. Alipotoka hakuweza kukaa kwao, akahamia Afrika ya Kusini. Na Dar es Salaam, tarehe 29 Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka watu wa kaumu Luti, akawataka wananchi wampelekee majina. Siku chache baadae, tarehe 4 Novemba, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema kuwa hayo ni maoni yake mwenyewe, si msimamo wa Serikali. Lakini neno lilikwisha toka, na majirani walikwisha tazamana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania katika kifungu cha 154 imetaja tendo la kuingiliana, haikutaja unyusi. Basi mwenye kupeleka jina la mtu kwa sababu ya unyusi wake amemzulia tendo ambalo hakuliona. Na je, mmesahau hukumu ya kumzulia mtu uchafu bila ya mashahidi wanne? Fimbo themanini, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Na ingawa mafakihi wamefafanua ni tamko gani lipasalo fimbo hizo na lipi lipasalo adhabu ya kadhi, hakuna hatta mmoja aliyesema kuwa ni halali.

Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), amekitaja katika Ihya kisa cha Umar bin Khattab kuwa alipanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku, akamkuta katika maasia, akamkemea. Yule mtu akamwambia: ewe Amiri wa Waumini, ikiwa mimi nimemwasi Mungu kwa moja, wewe umemwasi kwa matatu: amekataza kupeleleza nawe umepeleleza, ameamrisha nyumba ziingiwe milangoni nawe umepanda ukuta, na amekataza kuingia bila ya hodi na salamu, nawe hukubisha. Umar akamwacha, akashurutisha atubie. Huyu ni Umar, ambae shetani alikuwa akiikimbia njia yake! Na leo mtoto wa miaka kumi na minane, aliyeacha sala ya alfajiri, humpiga mtu picha msikitini akaitawanya katika simu mpaka Mtwara na Tanga, akadai kuwa anaamrisha mema. Simu ndiyo ukuta wa zama hizi.

Tena hudai kuwa yafaa kumlaani, kwa kuwa Mtume amelaani. Hapa pana elimu inayopasa kushikwa vizuri. Kulaani sifa si kumlaani mtu kwa jina lake. Ghazali ameeleza kuwa kumlaani mtu maalumu ni hatari, kwani hujui atakufa katika hali gani, na huenda akatubia. Na Bukhari amepokea kuwa mtu mmoja alikuwa akiletwa mara kwa mara kwa ajili ya ulevi, akipigwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume akamkataza, akasema kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Ulevi una Hadithi za laana nyingi. Na mlevi huyu, kwa jina lake, akakingwa na laana.

Basi msikiti wa Songea umfanye nini mtu huyu? Kwanza aachwe asali. Hakuna kitabu cha Kishafii kisemacho kuwa nyusi zilizotindwa zinaibatilisha sala. Imamu akitaka kumnasihi, amnasihi peke yake, baada ya watu kutoka, kwani nasaha mbele ya watu ni fedheha. Aulize kwanza kabla ya kuhukumu: huenda ni khuntha ambae wazazi wake walilificha jambo lake, na hayo hutokea, basi apelekwe kwa tabibu mwaminifu. Asipokuwa khuntha, ajulishwe hukumu, na ajulishwe pia maneno ya Nawawi na Ibn Hajar, asifichwe nusu ya elimu. Akisema ameshindwa, asiambiwe mwongo. Babaake asimfukuze nyumbani, kwani afukuzwae hulala panapopatikana, na hula kwa linalopatikana, na dhambi ya njia hiyo haiandikwi kwake peke yake. Mwenye duka amuuzie. Mwenye nyumba asimtoe maadamu alipa kodi. Na watu wakiuliza watamwitaje, Kiswahili kimewapunguzia taabu: Kiarabu humlazimisha msemaji achague baina ya mume na mke katika dhamiri nyingi, na Kiswahili husema "yeye" kikatosha.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote, kwani haliwezi kuakhirishwa: siku atakapokufa. Katika miji midogo imetokea watu kusitasita kuiosha maiti ambayo hai yake walikuwa wakiicheka, kila mmoja akamsukumia mwenziwe. Na hukumu iko wazi. Kuosha maiti wa Kiislamu ni faradhi ya kutosheleza. Wasipoosha wote, wote wamepata dhambi, pamoja na yule aliyekuwa na nyusi zake nene. Akiwa ni khuntha mwenye mashaka wala hana maharimu, wanaume na wanawake wote yafaa kumwosha kwa dharura, kwa kuendeleza hukumu ya utoto wake. Akiwa mwili wake ni wa kiume, huoshwa na wanaume, juu ya nguo, pahala pa faragha, asihudhurie illa mwenye kuosha na msaidizi wake na walii wa maiti. Na mwenye kuosha, akiona kheri yafaa aitaje. Akiona kinginecho ni haramu kwake kukitaja. Atakavyoziona nyusi zile, basi, na afunge kinywa chake. Wala asizipunguze wala asizinyoe ili kuzisawazisha. Kuondoa nywele za maiti kwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni makuruhu. Huzipitishia maji kama zilivyo, kulia kwanza kisha kushoto, mara tatu, akamfunika uso.

Wallahu aalam.